Boneti ina tairi la spea, injini iko mgongoni

Afande alizunguka gari mara mbili, akasimama mbele, akasema fungua boneti. Nikafungua. Akainama na mwanga wa simu akitafuta namba ya injini, akakuta tairi la spea, jeki, na mpira wa dripu wa hospitali ambao nilikuwa nimeusahau pale tangu Jumapili. Akanyanyuka akaniangalia kwa muda.

"Injini iko wapi?"

"Iko nyuma mkuu, nyuma ya viti."

Akaita mwenzake, mwenzake akaita wa tatu, na vijana waliokuwa wanasubiri ukaguzi wa bodaboda zao nao wakasogea, ndani ya dakika chache tuko watu nane tumezunguka kifuniko cha faiba kama tuko msibani, na mimi naeleza kwa mara ya mia kwamba hapana sijaihamisha mimi, ilitoka Japani hivyohivyo, nilichofanya ni kutoa injini moja na kuweka nyingine. Kuhusu mpira wa dripu nikasema ni stori ndefu, na kwa kuwa kila mtu ninayekutana naye anaitaka hiyo stori, basi hii hapa.

Gari yenyewe ni Toyota MR-S ya 2001. Niliikuta Mikocheni kwenye uwanja wa nyumba ya mtu, chini ya mwembe, miaka minne haijawashwa, turubai la juu limetafunwa na panya na ndani ya kiti cha abiria kuna kiota kabisa. Mwenyewe alishahama nchi, ndugu yake alikuwa anataka tu nafasi ya kupaki. Kwa wasioijua, hii ni kizazi cha tatu cha MR2, gari ndogo ya spoti ya Toyota, ya kwanza ilitoka 1984, hii ya kwangu walianza kuiuza Japani mwaka 1999 wakaacha kuitengeneza 2007. Viti viwili, uzito kama tani moja tu, injini imelala kwa upana nyuma ya mgongo wako, rejeta iko mbele, na inasukuma kwa matairi ya nyuma. Mtaani wanaiita "Porsche ya Toyota" na mimi siwasahihishi.

Kilichonivutia sio sura. Ni ujanja wa Toyota. Wao hawakutengeneza injini maalum ya gari la spoti, walichukua injini na giaboksi ya gari ya kawaida inayovuta mbele, 1ZZ ileile iliyoko kwenye Premio na Allion za 1.8, wakaisogeza nyuma ya viti. Maana yake spea za injini zipo kila kona ya Ilala. Hiyo ndo hesabu niliyoipiga pale chini ya mwembe na kiukweli ilikuwa nusu sahihi.

Nusu nyingine niliiona nilipoiwasha. Moshi wa bluu mpaka jirani akatoka kuangalia nani anapiga dawa ya mbu. Zile 1ZZ za mwanzo zina ugonjwa unaojulikana, pistoni zake zina vitundu vichache na vidogo vya kurudishia oili, oili inaungulia mle inakuwa masizi, ringi ya oili inakwama kwenye mfereji wake, basi oili inapanda juu na kuungua kila siku. Toyota walikuja kubadilisha pistoni baadaye. Na MR-S ina balaa la ziada, ndani ya manifodi ya ekzosi kuna masega madogo, oili ikizidi yanamomonyoka na unga wake unaweza kunyonywa kurudi kwenye silinda, unasaga kuta kama msasa. Yangu ilikuwa imeshafika huko. Ilikuwa inakula lita ya oili kabla sijamaliza wiki.

Sasa hapo ndo kila mshkaji akawa injinia. Mmoja weka 3S-GTE ya Caldina, ina taabo, yaani turbo. Mwingine weka ya Subaru, mwingine weka V6 kwani shilingi ngapi. Nje huko wanaweka kweli V6 ya 3.5 kwenye hizi gari na zinaenda vizuri tu, lakini mimi naishi Dar, Februari, foleni ya Ubungo, injini imefungiwa kwenye sanduku nyuma yangu haipati upepo wa mbele. Taabo ni joto. Blokki ya chuma ya 3S ni uzito, na uzito wote huo unauweka nyuma kwenye gari ambayo tayari ina matako mazito. Nikakataa. Nikataka 2ZZ-GE.

2ZZ ni ndugu wa 1ZZ, blokki ya alumini, ujazo karibu uleule, cc 1,796 kwa 1,794, ila kichwa chake walishirikiana na Yamaha. Japani waliiuza kama farasi 190 kwenye mizunguko 7,600, wakati ya kwangu ya zamani ilikuwa 140. Lotus wa Uingereza waliichukua hiyohiyo wakaiweka nyuma ya viti vya Elise mwaka 2004, kwa hiyo sio wazo langu la kilevi, watu wenye akili zao walishafanya. Na matundu ya bolti ya giaboksi yanalingana na ya 1ZZ. Giaboksi ya gari yangu inakaa palepale.

Tatizo kuipata. Runx zimejaa Dar kama bajaji lakini karibu zote ni 1NZ, cc 1,500. Unayoitaka ni Runx ya Z, au Allex ya RS180, au Celica ya juu, na kwenye kifuniko cha injini isomeke VVTL-i, sio VVT-i. Hiyo L moja ndo pesa yako. Nimezunguka maduka ya injini za mtumba Jumamosi nne mfululizo, kila ninapouliza naambiwa "kaka hizi zote ni VVT-i ni zilezile tu", mpaka jamaa mmoja akanipeleka nyuma ya kontena akafunua nusu gari, Runx imekatwa nyuma ya milango ya mbele, sura nzima ipo, dashibodi ipo, na L yangu iko pale inang'aa kwenye vumbi. Nilijikaza uso usionyeshe kitu. Sikujikaza vya kutosha, maana bei ilipanda nikiwa nimesimama.

Hapa nitoe ushauri mmoja kwa anayetaka kufanya hii kitu: usinunue injini. Nunua vitu vyote vilivyoshikana nayo, waya kuanzia plagi ya kwanza mpaka ya mwisho, kontroli boksi, pedali, mipira, mabomba, mpaka vibano. Mimi nilichukua nusu gari yote na watu wakanicheka naipeleka wapi pua ya Runx. Injini yenyewe kutoa na kuweka ilichukua Jumamosi mbili. Vilivyoshikana nayo vilichukua miezi kumi na nne.

Gereji ni Tabata, kwa mzee mmoja ambaye maisha yake yote ametengeneza malori. Vijana wenye gereji za kisasa waliikataa kazi, yeye alinipokea. Nikamwamkia, akaitikia marahaba, akafungua boneti, akaifunga, akaniambia "mwanangu, gari hii uniachie siku tatu niiangalie tu, usinipigie simu." Siku ya nne nikaenda. Amekaa kwenye ndoo, anakunywa kahawa, hata spana hajashika. "Hii ni Corolla imegeuziwa viti," akasema. "Tutaiweza."

Nimesoma kurasa nyingi sana kuhusu MR-S na hakuna aliyeieleza vizuri kuliko hivyo.

Injini ya hii gari haitoki kwa juu, inatoka kwa chini ikiwa na ile fremu yake inayoibeba. Gereji za wenzetu wana jeki za kuinua gari nzima. Sisi tulikuwa na cheni bloki, mabomba matatu ya chuma yaliyosimamishwa kama mafiga, na tairi la lori. Mzee akasema hatuishushi injini, tunainua gari. Tukafungua kebo mbili za gia, kebo ya resi, mpira wa mafuta, mipira miwili mikubwa ya maji, draivi shafti, ekzosi, shokapu kwa juu, waya tukazifunga vitambaa vya rangi tofauti (kanga ya zamani ya mke wangu, naomba radhi), tukatanguliza tairi la lori chini ya injini, tukashusha mpaka injini ikalala juu ya tairi, halafu vijana wawili kwenye mnyororo, kra kra kra kra, na makalio ya gari yanapanda taratibu hewani na injini imebaki chini imekaa kwenye tairi kama kuku anaatamia. Vijana wanne wakaivuta kwa kamba. Mama ntilie aliacha kuuza chapati akaja kupiga video.

Kurudisha mpya ni kinyume chake, ila upande mmoja ukagoma. Upande wa giaboksi hauna shida. Upande wa cheni, mauntini ya Runx haiendani na bodi ya MR-S, kipande kinachounganisha injini na bodi inabidi ukitengeneze. Mzee akachukua boksi la maji ya kunywa, akalikata, akalipanga, akachora kwa mkaa, akakata tena, mpaka likakaa. Halafu akahamishia ile sampo kwenye bati nene la milimita 10 akachomelea. Kilikaa vizuri, kikapendeza, kikapakwa rangi nyeusi. Kilikuwa kimekosewa milimita 12. Milimita 12 hazionekani kwa macho, ila injini ikawa imeinama upande na draivi shafti ya kushoto ikawa inafanya kazi kwa pembe mbaya, kila ukikanyaga unasikia gu-gu-gu chini ya kiti. Nikapuuza. Kilomita mia tatu baadaye kwenye tuta la Segerea nikasikia tau, na injini ikashuka kuja kuegemea fremu. Cha pili kilichongwa kwenye leithi kutoka kwenye kipande kizima cha chuma, mchongaji alipima na rula ya chuma mara sita mbele yangu. Mpaka leo kipo.

Waya nitapita haraka kwa sababu hata mimi sikuelewa yote. Dogo wa umeme, miaka ishirini na tatu, alipakua michoro ya plagi za gari zote mbili kwenye simu yake yenye kioo kilichopasuka, akakaa chini siku nne na taa ya kupimia, akaunganisha waya za Runx na plagi za bodi ya MR-S moja baada ya nyingine. Kontroli boksi ilikuwa ya gari ya otomatiki, kwa hiyo taa ya cheki injini ikawaka kuuliza giaboksi yangu iko wapi. Bado inawaka. Nimeizoea kama saa ya ukutani.

Iliwaka Jumamosi jioni, adhana ya magharibi imeshapigwa. Ikashika mara ya pili, sailensa tupu kwa sababu nilikuwa bado sijamaliza laini ya moshi, watoto wakakimbia halafu wakarudi. Mzee akaweka kiganja kwenye kifuniko akafumba macho kidogo kama anampima mtoto homa. Akasema imo.

Halafu ikachemsha.

Ikachemsha Buguruni, ikachemsha Tazara, ikachemsha nikiwa napanda Daraja la Nyerere kwenda Kigamboni, sindano inapanda mpaka juu wakati rejeta mbele ni ya baridi naweza kuikumbatia. Kila fundi aliyepita akatoa dawa ileile ya Bongo: toa thamostati, ile valvu inayozuia maji mpaka injini ipate joto, unga feni dairekti. Jamani. Huu ndo ugonjwa wetu. Thamostati haipo pale kwa bahati mbaya, injini hii ikiwa ya baridi kompyuta yake haikupi nguvu zote na oili haifiki joto lake, halafu unaondoka na injini inayoishi na baridi asubuhi na kuchemka mchana. Lakini nilikuwa nimechoka na nikakubali, tukaitoa. Ikachemsha vilevile. Nikabadilisha pampu ya maji. Ikachemsha. Nikaweka rejeta mpya, ikachemsha nayo mpya. Mtu akasema gaskiti ya silinda hedi, nikaanza kutafuta gaskiti, na hapo nilikuwa nimeshamuaga mke wangu mara mbili kwamba naenda kulipia jenereta la nyumbani na jenereta halionekani.

Ilikuwa upepo. Upepo tu. Kwenye gari ya kawaida injini na rejeta zinabusiana, ukijaza maji hewa inatoka yenyewe. Hapa maji yanaondoka nyuma, yanapita mabomba mawili marefu chini ya sakafu mpaka kwenye pua ya gari, yanarudi. Sehemu ya kujazia iko nyuma. Unajaza, unaona pamejaa, unafunga, kumbe mbele kuna pafu zima la hewa limekaa juu ya rejeta na maji hayapiti. Mbele, chini ya tairi la spea, kuna sehemu za kutolea upepo, na utaratibu wake ni kuchomeka mipira myembamba inayoonyesha ndani, unaining'iniza juu kuliko sehemu ya kujazia, halafu unajaza nyuma taratibu mpaka maji yasimame kwenye mipira bila mapovu.

Mipira myembamba inayoonyesha ndani, Dar es Salaam, Jumapili. Nikaenda duka la dawa nikaomba seti mbili za dripu. Dada wa dukani akauliza mgonjwa yuko wapi, ni mtoto au mkubwa. Nikasema ni gari. Akanipa lakini kwa kusita, akasema zisije zikatumika kwa mtu.

Basi nikachomeka, nikazifunga kwa uzi kwenye boneti iliyofunguliwa, mzee nyuma anamimina kulanti kwa jagi la chai, mimi mbele nimepiga magoti naangalia. Mwanzo hakuna kitu. Halafu povu moja. Halafu mfululizo wa mapovu yanapanda kwenye mpira kama soda, yanakatika, yanaanza tena, maji ya kijani yanapanda inchi moja yanarudi. Dakika arobaini. Nilikuwa naita "bado!" na mzee anamimina, "bado!" anamimina. Jirani wa gereji akaja akaona gari imetundikiwa dripu mbili, mzee amesimama na jagi, akasema poleni. Tulirudisha thamostati siku hiyohiyo na sindano haijapita katikati tena.

Kwa hiyo mzigo ukaanza kutembea, na mimi nikaanza kusubiri kile kitu chenyewe. 2ZZ ina kemu, ile shafti inayofungua valvu, yenye vidole viwili, kifupi cha kuendea sokoni na kirefu cha juu. Ukifika mizunguko kama 6,200 presha ya oili inasukuma pini chini ya roka, kile kimkono kinachosukuma valvu, kidole kirefu kinashika, valvu zinafunguka zaidi, injini inabadilika tabia mpaka 8,000 na kitu. Yangu ikifika 6,200 haibadiliki chochote. Inapiga kelele tu kama mtu aliyesahau alichokuja kusema. Dogo akakagua waya siku mbili, zote nzima. Tukafungua tapeti kava, na pale, kwenye kibonde cha oili, kimelala kipande cha bolti urefu wa nusu kijiti cha kiberiti. Injini za miaka ya mwanzo zina bolti mbili zinazoshika shafti za roka, dhaifu, zinakatika, presha ya oili inapotelea hapo hapo na kidole kirefu hakishiki kamwe. Baadaye walitengeneza bolti bora. Aliyeniuzia injini alikuwa amenihakikishia imejaribiwa, sawa, ilijaribiwa kuwaka. Bolti mbili kutoka nje, bei ya nyama choma ya watu watatu, kuzisubiri wiki tano.

Nilizijaribu Kigamboni asubuhi ya Jumapili, kule mbele barabara ikiwa tupu, mzee pembeni yangu kafunga mkanda. Elfu tano, elfu sita, halafu sauti ikabadilika, sio kupanda, kubadilika, kama mtu aliyekuwa anaongea ndani amefungua mlango akatoka nje kuongea, na kiti kikanisukuma mgongoni. Mzee hakusema kitu, alishika tu ule mpini wa mlango. Kichekesho ni kwamba gia ya kwanza hiyo hali inakuja ukiwa karibu na spidi 50, yaani palepale kwenye kikomo cha mjini, ukitaka kuifaidi zaidi trafiki wa tochi wanakusubiri. Na ukiingiza gia ya pili sindano inaporomoka chini ya 5,000, unaanza upya kupanda. Gia tano zimeachana sana kwa injini hii. Hilo mlikumbuke.

Kifuniko cha nyuma nilitaka chenye mapezi ya kutolea joto. Nikaenda Kunduchi kwa mzee anayetengeneza boti za faiba, akatengeneza kalibu ya plasta, akapaka nta ya sakafu, akalaza matabaka manne, kikatoka kizuri kuliko cha Japani. Wiki ya pili kikalegea katikati kama chapati. Faiba ya boti inaishi juu ya maji ya baharini, haijawahi kukaa juu ya ekzosi. Tukaweka bati chini yake lililoachana nafasi kidogo, ekzosi tukaifunga kitambaa cha joto, na mzee wa boti akatengeneza cha pili bila kunitoza, alikuwa amekasirika kuliko mimi.

Na kuna hili ambalo sipendi kulisema. Matairi. Hii gari inatoka na mbele 185 nyuma 205, sio urembo, ni kwa sababu nyuma ndo kwenye uzito. Mimi nilikuta 195 za bei nzuri nikaweka zote nne sawa, ili niwe nazizungusha kama watu wote. Mvua za masika, usiku, barabara ya Kibada, naingia kona sio kwa kasi ya ajabu, katikati ya kona nikaogopa nikaachia resi. Gari ya kawaida ukiachia resi inatulia. Hii uzito ukikimbilia mbele, nyuma inabaki haina mshiko, na yenyewe ndo yenye mzigo, inataka kutangulia. Sikupata hata muda wa kusema kitu. Nilijikuta nimesimama katikati ya barabara naangalia nilikotoka, waipa zinaendelea kufanya kazi, redio inaendelea kuongea. Hakukuwa na mtu. Nilikaa dakika kadhaa mikono iko kwenye usukani, nikarudi nyumbani kwa spidi ya mkokoteni, na Jumatatu nikanunua 205. Ukiwa na gari yenye injini mgongoni, punguza mwendo kabla ya kona, ukishaingia usiachie ghafla.

Turudi kwa afande. Ukibadili injini, namba iliyopo kwenye kadi inakuwa sio ya gari yako tena, kwa hiyo unakaguliwa na polisi wa usalama barabarani halafu unaenda TRA, mamlaka ya mapato, na risiti ya ulikonunua injini kubadilisha taarifa, na bima nao uwaambie. Nilikuwa na risiti, nilikuwa na karatasi za ile nusu Runx, kila kitu. Afande alisoma namba kwa shida kwa sababu iko kwenye pembe ya blokki karibu na giaboksi, ilibidi nimshikie kioo cha kujitazamia cha mke wangu. Akaandika. Akaniuliza inakimbia kiasi gani, nikasema inafika spidi 50 vizuri sana mkuu. Akacheka, akagonga muhuri.

AC inafanya kazi. Turubai la juu nimeshonesha kwa fundi wa viti vya daladala, linavuja upande mmoja. Gharama zote sijumlishi, kuna mtu nyumbani anasoma hii.

Jumatano nimeona giaboksi ya gia sita, ileile inayotoka na 2ZZ, gia zimebanana vizuri, bei jamaa aliitaja kwa sauti ya chini kama anauza siri. Kebo za gia hazitakaa bila kuchonga kitu, mzee ameshasema nimletee boksi la maji. Nimelipa. Mama watoto, kama umefika mpaka hapa, lile lililo chini ya turubai pale kibarazani sio jenereta.